Kanuni ya Coulomb: weka alama ya hasi pembeni, chora mishale kwanza

Unapokokotoa kani kati ya chaji mbili za nukta (ndogo sana kuliko umbali kati yao), usiingize alama za chanya na hasi kwenye kanuni ya Coulomb: k × chaji ya kwanza × chaji ya pili ÷ umbali². Chora mshale kwenye kila chaji kwanza: zinazofanana zinasukumana, zinazotofautiana zinavutana. Kisha tafuta ukubwa peke yake. Mfano: +2 μC (mikrokulombi, yaani 2×10⁻⁶ ya kulombi, kipimo cha chaji) iko kushoto, −3 μC iko kulia, umbali ni sm 30. Ukubwa ni 9×10⁹ × 2×10⁻⁶ × 3×10⁻⁶ ÷ 0.3² (9×10⁹ ndiyo k, namba isiyobadilika), yaani N 0.6 kwa kila chaji. Ndiyo, hata ile ndogo inapata N 0.6 ileile. Ukiingiza alama utapata −0.6, na wengi husoma hapo kwamba kani inaelekea kushoto. Lakini chaji ya kushoto inavutwa kulia! Ile alama ya hasi inasema tu kwamba zinavutana. Haijui wewe umeita upande gani chanya. Chaji zikiwa tatu au zaidi, mishale ndiyo inayookoa kabisa, maana unajumlisha mwelekeo pamoja na ukubwa.

Njia hii haifai kwa potenshali (nishati ya umeme kwa kila kipimo cha chaji) wala nishati ya umeme. Hizo hazina mwelekeo, kwa hiyo alama lazima iingie. Pia kama ni tufe za chuma zilizokaribiana sana, kanuni yenyewe haitoi jibu sahihi, kwa sababu chaji huhama juu ya uso wa chuma na si nukta tena.