Kusoma Vipimo vya Kompresheni kwenye Injini Iliyotembea Sana
Vipimo vya kompresheni, yaani shinikizo linalojengeka ndani ya silinda pistoni inapobana hewa, huaminika tu ikiwa injini imepata joto, betri imejaa, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kwa gari la petroli lililotembea kilomita 300,000, namba zilizoshuka kidogo kwa usawa hazinitishi. Tofauti baina ya silinda ndiyo inayosema zaidi. Ukipata psi (kizio cha shinikizo) 150, 148, 105 na 146, silinda ya tatu haifikii hata asilimia 75 ya iliyo juu kabisa, hivyo ina kasoro. Mimina humo kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena: geji ikipanda sana, ringi za pistoni zimelika, ikibaki palepale, shuku valvu. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, imeungua katikati yao.