Kabla ya kutoka nje na rafiki mwenye ualbino aliyeshambuliwa

Anzeni na hatari yenyewe, hofu mtaishughulikia baadaye. Ikiwa waliomvamia rafiki yako hawajakamatwa, au wamepata dhamana, kumzoesha kutembea mtaani ni kumpeleka mdomoni mwa simba. Hakikisheni namba ya RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi) ipo, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) imejazwa hospitali, na mpelelezi wa kesi mnamjua kwa jina na namba ya simu. Mwulizeni bila kuzunguka: watuhumiwa wako wapi leo, na kama wako nje, ni kwa masharti gani?

Mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wajue kwamba rafiki yako anaanza kutoka. Saa na njia hawana haja ya kuzijua. Katika mashambulizi ya watu wenye ualbino nchini Tanzania, watu wa karibu, hata ndugu, wamewahi kuhusika. Kwa hiyo ratiba ibaki kwenu wawili na kwa mtu mmoja anayebaki nyumbani akisubiri simu. Picha za kuweka status nazo zisubiri mpaka mrudi.

Hapo ndipo mkae chini mpange, na kalamu aishike yeye. Aorodheshe sehemu anazotaka kufika, kila moja aipe alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10, kisha mzipange kutoka ndogo kwenda kubwa. Kwa mtu wa Mbeya mjini orodha inaweza kuanza na kukaa kibarazani dakika kumi, ije kwenye duka la jirani, kituo cha daladala wakati hakuna msongamano, safari fupi ya bajaji hadi Kabwe, na mwisho kabisa soko la Mwanjelwa siku ya kawaida. Marafiki wengi huharibu hapa: wanaona amefurahi kufika dukani, kesho yake wanamkokota sokoni. Hatua moja irudiwe mpaka imchoshe kwa ukawaida wake, ndipo mwende inayofuata. Na usimdai akusimulie tukio ili “apunguze mzigo”. Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, ongeeni habari nyingine.

Macho yake yanahitaji maandalizi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali, hivyo mtu anayekuja humtambua akiwa ameshakaribia sana. Kwa aliyewahi kuvamiwa, hiyo peke yake inatosha kumshtua. Kubalianeni utamwambia nini na mapema kiasi gani: “Mama mwenye ndoo mbele kulia, vijana wawili wamekaa kushoto.” Sema kwa sauti ya kawaida, minong’ono humfanya aone kila anayepita ni adui. Usimguse kwa nyuma. Mkipanda bajaji, namba ya usajili isome wewe umtumie yule aliyebaki nyumbani, na nauli ipatanwe kabla ya kupanda. Afadhali zaidi dereva mnayemfahamu, wa kijiwe kinachojulikana.

Jua la nyanda za juu linadanganya. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Baridi ya Juni na Julai haiipunguzi kama mwili unavyodhani, na ukungu mwepesi huipitisha. Tena, kwa kuwa mkoa uko magharibi mwa nchi, jua huwa juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana, si saa sita kamili. Tokeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka: kijiko cha chai kimoja kwa uso na shingo, masikio na migongo ya mikono isisahaulike, na irudiwe kila baada ya saa mbili. Kilisun, inayotengenezwa Moshi, ilibuniwa kwa ngozi hii hasa. Pama pana, mikono mirefu, miwani ya jua; mwavuli unafaa kwa jua na kwa mvua za Novemba hadi Aprili.

Mkiwa njiani hofu itapanda. Kwa kawaida ikiachwa hushuka yenyewe, lakini mkikimbia ikiwa kileleni, mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kwa hiyo chagueni mapema pa kusimama: ukutani, dukani kwa mtu mnayemfahamu, chini ya mti. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa sita, mara kadhaa, mpaka alama ishuke hadi nusu. Kisha aamue mwenyewe kuendelea au kurudi. Kama kuna hatari ya kweli, mtu anawafuata au anatoa vitisho, hapo hakuna mazoezi: ingieni penye watu, pigeni 112.

Matusi mtakutana nayo. Kuna wapumbavu ambao bado hupaza sauti “dili!”, yaani kitu cha kuuzwa kwa pesa, mtu mwenye ualbino akipita. Kujibu au kutojibu ni uamuzi wake, muulize mkiwa nyumbani. Rafiki anayewarukia vijana wa kijiweni humwachia mwenzake umati wa kumtazama. Kundi la wasindikizaji sita nalo ni vivyo hivyo, mmoja anatosha.

Pangeni pia jinsi utakavyojiondoa. Kwanza tembea pembeni yake, baadaye msubiri dukani yeye aje peke yake, kisha baki kwenye simu yenye chaji na salio. Ukijiondoa bila kumwambia, hata kwa nia njema, atarudi kibarazani.

Kama zaidi ya mwezi umepita na bado halali, anaota tukio, anashtuka kwa kila sauti au anazidi kujifungia, matembezi peke yake hayatoshi. Mpeleke kliniki ya afya ya akili. Kwa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni pa kuanzia. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania nao wahusishwe. Bebeni nakala ya PF3 na namba ya RB kwenye bahasha moja, ili asilazimike kusimulia yote upya kwa kila dirisha.