Kuotesha murarachi kwa mbegu: kutambua mti, kusia na kutunza miche

Murarachi ndivyo Wakikuyu wanavyouita. Waxhosa wanauita umbhaba, na jina la kitaalamu ni Calodendrum capense. Asili yake ni misitu ya Afrika Kusini, kuanzia Swellendam na Knysna, ukipanda KwaZulu-Natal na Limpopo, kisha Zimbabwe na Tanzania hadi nyanda za juu za Kenya. Jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ilipewa jina na Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyezunguka Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini, kati ya 1772 na 1775. Waingereza waliuita chesnati ya Rasi, ingawa hauna undugu na chesnati za Ulaya. Ni wa ukoo wa mchungwa. Ulee kama mchungwa na mengi yatanyooka.

Hatua ya 1: Hakikisha mti

Usiokote mbegu kwa kuambiwa tu. Chuma jani, liinue juani: utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, ndivyo vifuko vya mafuta. Likunje, linuse, harufu inaelekea kwenye ndimu. Majani yamepangika mawili mawili yakitazamana, jambo ambalo hulioni kwenye mchungwa. Ukibahatika kukuta maua, hesabu petali tano nyembamba za waridi hafifu zilizopinda nyuma, na katikati yake vipande vingine vitano vyenye madoa ya zambarau iliyokolea. Hivyo si petali, ni stameni tasa, yaani viungo vya kiume vya ua visivyotoa chavua.

Mjafari wetu wa pwani nao ni wa familia hii. Ila wanabotania wanauweka murarachi kabila moja (kundi dogo ndani ya familia) na buchu, vichaka vya Rasi vyenye majani ya kunukia ambavyo vingi havimfiki mtu kiunoni, huku wenyewe ukifikia mita 20 msituni! Jenasi ina spishi mbili tu. Ya pili, Calodendrum eickii, ni ya Usambara nchini Tanzania nayo iko hatarini kutoweka, kwa hiyo mbegu zake waachie wahifadhi.

Hatua ya 2: Okota mbegu mapema

Tunda ni gumu, lina vinundu, nalo hupasuka pande tano kama nyota. Ndani mna mbegu nyeusi, laini, zenye pembe. Ukichelewa, kima na njiwa watakuwa wamekutangulia.

Zimwage kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni tupu, zitupe. Usizihifadhi hadi mwaka ujao, kwa sababu mbegu zenye mafuta mengi hupoteza uhai haraka. Mafuta hayo ndiyo yanayokamuliwa Kenya kwa sabuni na ya kupaka mwilini. Si ya kupikia: yana uchungu wa limonini, ileile iliyo kwenye kokwa za machungwa.

Hatua ya 3: Sia

Loweka usiku kucha. Tumia mchanga wa mto kwenye trei yenye matundu, fukia mbegu kina kinacholingana na unene wake, weka kivulini. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Kuota huchukua wiki kadhaa na mbegu hazitoki pamoja, kwa hiyo usimwage trei kwa kukata tamaa.

Hatua ya 4: Hamishia viribani

Mche ukiwa na majani halisi mawili au manne, uhamishe. Mimi huchanganya udongo wa msituni, mboji iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Shika jani, usishike shina.

Hatua ya 5: Kagua viwavi

Hapa udugu na mchungwa unajidhihirisha. Kipepeo yuleyule anayetaga kwenye michungwa, Papilio demodocus, hutaga na hapa. Kiwavi mchanga anafanana kabisa na kinyesi cha ndege juu ya jani, na wengi humpita bila kumwona. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili zinazonuka. Kwenye mche mdogo mwondoe kwa mkono. Kwenye mti mkubwa mwache ale, hautadhurika.

Hatua ya 6: Panda

Subiri mvua zianze. Chagua udongo wenye rutuba usiotuamisha maji, na palipo na jalidi ufunike mche miaka ya mwanzo. Mbao yake hupindika vizuri na zamani ilitumika kutengenezea magari ya kukokotwa, lakini sioni haja ya kuukata mti huu ili tu kupata mpini wa jembe. Maua ya mti wa mbegu husubiriwa miaka kama saba. Mwenye haraka atafute mche uliobebeshwa.