Kabla hujasema "wananchi wameamua": namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi

Niliwahi kukaa wakala wa mgombea kwenye chumba cha kuhesabia kura. Tangu hapo, nikisikia fulani kashinda kwa asilimia kadhaa, natafuta kalamu kwanza.

Anza na daftari la wapiga kura. Asilimia ya mshindi ina kawaida ya kupigwa kwa kura halali tu. Waliobaki nyumbani hawamo. Kenya mwaka 2022 William Ruto alipata asilimia 50.49, yaani kura 7,176,141. Daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 22. Gawanya mwenyewe: ni kama mmoja kati ya kila watatu walioandikishwa. Kisheria ameshinda, hilo halina mjadala. Ila "nusu ya nchi iko nyuma yetu" ni maneno ya jukwaani.

Pili, angalia wapinzani waligawana vipi. Mwaka 1992 Moi alibaki Ikulu kwa takriban asilimia 36, huku wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga wakigawana karibu zote zilizobaki.

Penye wabunge, linganisha kura na viti. Uingereza mwaka 2024 chama cha Labour kilipata kama asilimia 34 ya kura, kikaondoka na viti 411 kati ya 650. Hakuna aliyeiba, ndivyo hesabu ya jimbo kwa jimbo inavyokwenda.

Usiruke safu ya kura zilizokataliwa. Naikumbuka karatasi moja: alama ya vema imeanzia kwenye kisanduku cha mgombea wa kwanza, mkia wake umevuka mstari hadi kwa wa pili. Msimamizi aliinyanyua tuione wote. Wakala mwenzangu akasema nia iko wazi, mimi nikasema haiko wazi (mkia ulikuwa umeangukia kwa mtu wangu, mnanielewa). Kwenye ushindi mnono mabishano hayo ni kelele tu. Penye tofauti ndogo si kelele tena: Florida mwaka 2000, kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani, Bush alimpita Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni sita, na mabishano juu ya karatasi ambazo wapiga kura hawakuzitoboa vizuri yakafika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Gumu zaidi ni sababu ya mtu kumchagua mgombea, maana karatasi haina pa kuiandika. Ufaransa mwaka 2002 Chirac alipata chini ya asilimia 20 raundi ya kwanza. Kura za mrengo wa kushoto zilitawanyika, mgombea wao mkuu Jospin akatoka, Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akapita. Raundi ya pili Chirac akazoa zaidi ya 82. Hakupendwa ghafla ndani ya wiki mbili; wengi walikuwa wanamzuia Le Pen. Kwa hiyo ukiongea na mpiga kura, usiishie kumuuliza alimchagua nani. Muulize alikuwa anamkwepa nani, na angempa nani kura kama huyo asingekuwepo.