Namna ya kuandaa kikao cha kukumbushana baada ya safari ya klabu

Mimi ni katibu wa klabu ya matembezi, na katika kazi zangu zote naipenda zaidi ile ya kuandaa kikao cha baada ya safari, wanachama wanapokaa kukumbushana. Klabu nyingi hukiacha kijiendee. Matokeo yake wawili watatu wanasimulia, waliobaki wanaitikia kwa kichwa, na safari ya watu wote inageuka safari ya hao watatu.

Kiitishe ndani ya wiki ileile, ila si jioni mnayorudi, maana watu wamechoka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza kasi. Yeye alikariri silabi zisizo na maana, na safari hudumu moyoni kuliko silabi. Hata hivyo yale madogo, kama nani alikaa na nani au neno lililowachekesha kwenye mteremko, hayangoji mwezi uishe.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Kabla mtu yeyote hajaanza kusimulia, mgawie kila mmoja karatasi na kalamu, kisha pawe kimya kwa dakika kumi. Kila mtu aandike anachokikumbuka yeye. Mwaka 1997 watafiti Weldon na Bellinger walionyesha kwamba watu wanaokumbuka kwa pamoja hutaja mambo machache kuliko ambayo watu idadi hiyohiyo wangeyataja kila mmoja peke yake, yakajumlishwa. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kila mtu ana mpangilio wake wa kukumbuka, na sauti ya mwenzake humkatiza. Mzee mmoja wa klabu yetu, asiye na maneno mengi, hutembea nyuma kabisa. Aliandika kwamba kwenye kona ya msituni alitusikia tukiimba bila kutuona, akasimama kusikiliza mpaka wimbo ukaisha. Sisi wa mbele hatukujua. Kama tungeanza na soga, asingelisema.

Usiulize "safari ilikuwaje?" Utajibiwa "nzuri", basi. Uliza: palipokuwa pagumu, ulikuwa karibu na nani? Ni wapi ulitamani turudi? Uliona nini ambacho unadhani wengine hawakukiona?

Karatasi zikisomwa, aanze mgeni wa klabu au mkimya wenu, na wasimuliaji hodari wafunge. Nawapenda sana hao hodari, lakini hadithi yao ikishatoka, wengine huifuata. Na wawili wakipishana, mmoja akisema mvua ilianza kabla ya daraja na mwingine baada yake, usiamue. Andika yote mawili.

Wale ambao hawakusafiri waalike pia, uwakalishe katikati ya waliosafiri, si pembeni. Kazi yao iwe kuuliza. Anayemsimulia mtu ambaye hakuwepo hulazimika kueleza njia, hali ya hewa na sura za watu, na hapo hata waliokuwepo hukumbuka zaidi.

Utani una utaratibu wake. Aliyeteleza, aliyelia kwa hofu au aliyepotea njia aulizwe faraghani kabla ya kikao kama yuko tayari kisa chake kitajwe. Akikubali, akisimulie yeye kwanza. Akikataa, kisitajwe, hata kama ndicho kilichochekesha kuliko vyote.

Picha zije mwishoni. Zikitangulia, mazungumzo hubaki kwenye kilichopigwa tu. Mwanasaikolojia Linda Henkel, katika utafiti wake wa mwaka 2014, alikuta kwamba waliotembezwa kwenye jumba la makumbusho walivikumbuka vizuri zaidi vitu walivyovitazama tu kuliko vile walivyovipiga picha vikiwa vizima. Kwa hiyo mpiga picha wenu msimwulize kuhusu picha peke yake. Mwulizeni aliona nini simu ilipokuwa mfukoni.

Kikao kikiisha, kusanya karatasi, andika tarehe na jina la safari juu ya kila moja, uziweke kwenye jalada la klabu bila kusahihisha lugha. Asiyetaka yake ibaki humo, mrudishie palepale.