Kwenda kula samaki Mwanza ukiwa na mtoto mdogo, fanya hivi

Wazazi wenzangu, mtu akikwambia ukishazaa habari za kula nje ndio basi tena usimsikilize. Inawezekana kabisa, ila cha kupangilia ni mda wa kusubiri, mana hapa kwetu sato wa maana hakai ameshaiva anakungoja, anaingia jikoni ukishamchagua, na wikiendi unaweza kukaa hata lisaa. Mtu mzima atakunywa soda atapiga stori, mtoto wa miezi nane subira hiyo hana.

Kwaiyo piga simu kabla hujatoka nyumbani, weka oda kabisa, sema samaki saizi gani, wa kukaanga au mchemsho, ugali au ndizi, na mtafika saa ngapi. Alafu nendeni mapema, saa kumi hivi mpaka kumi na moja jioni, jua limepoa na mziki bado haujafunguliwa wote, mnamaliza mnaondoka kabla giza halijaingia vizuri mana mbu wa malaria anauma usiku. Kofia na soksi beba hata kama mchana jua lilikuwa linachoma, upepo wa ziwani jioni sio wa kuchezea.

Mkifika chagua meza iliyo mbali na spika na mbali na moshi wa jiko la mkaa. Viti vya watoto sehemu nyingi hamna, na kile cha plastiki cha wakubwa usimkalishe peke yake, mpakate. Na kama ni ufukweni usimshushe akatambae kwenye maji wala kumnawisha kwa maji ya ziwa, kichocho kipo.

Chini ya miezi 6 mtoto hahitaji chochote pale mezani zaidi ya ziwa la mama. Jitande kanga yako unyonyeshe hapohapo, hakuna wa kukushangaa. Kama anatumia maziwa ya kopo beba maji yako yaliyochemka kwenye chupa ya chai, ya jikoni hujui kama yamechemka au yamepashwa tu.

Aliyeanza kula ndio raha yenyewe, samaki ni chakula kizuri sana kwake. Mwambie mhudumu mapema, "dada naomba kipande cha mtoto kichemshwe pembeni, kisiwekwe chumvi wala pilipili", wengi wanaelewa. Mimi kwa mtoto napendelea mnofu wa sangara, mifupa yake mikubwa unaiona, sato ana miiba myembamba hasa upande wa tumboni. Ukiwa na sato chukua nyama ya mgongoni, weka kidogo kwenye kiganja, isage kwa vidole taratibu mpaka uhakikishe hakuna kinachochoma, ndio umpe. Usitegemee macho, taa za kwenye bustani zile hazitoshi na mwiba wa sato uliopikwa unafanana na nyama. Ukimaliza tonge hilo rudia na linalofuata hivyohivyo, hata kama wenzako wameshafika kwenye kichwa. Karanga za kutafuna wakati mnasubiri zikae mbali na mkono wake, zinapalia. Juisi yenye barafu pia asionjeshwe, hujui hayo maji yametoka wapi.

Wahudumu watamuomba wambebe, ndio watu wetu walivyo, mpe kama mtoto hana shida ila asimpeleke jikoni kwenye mafuta ya moto.

Pampasi badilishia kwenye siti ya gari au kwenye kanga uliyotandika pembeni, vyooni mara nyingi hakuna pa kumlaza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019, kwaiyo beba mfuko mbadala wa kuwekea ile chafu mwende nayo, usiiache chini ya meza ya watu.

Bili lipa chakula kikifika tu, tena kwa simu, usingoje chenji. Akianza kulia mnaomba samaki aliyebaki afungwe, mnaita bajaji mnaenda kumalizia nyumbani.