Kabla hujafunga trela ya kulala nyuma ya gari, angalia haya kwanza

Likizo ikikaribia watu huanza kuniuliza habari za ile trela yetu ya kukunja, ile ambayo ikifungwa ni sanduku tu fupi linalovutwa na gari, ukifika unazungusha hendeli paa linapanda, unavuta vitanda viwili kimoja mbele kimoja nyuma, turubai linakaza pande zote na mshapata chumba. Ni raha, sikatai. Tumelala nayo Watamu, Mambrui, Marafa, mpaka karibu na geti la Sala la kuingilia Tsavo Mashariki. Lakini kila anayekuja kuazima naona anafanya makosa yaleyale tuliyofanya sisi mwaka wa kwanza, na kwetu mtu aliumia. Kwa hivyo naandika hapa, soma yote kabla hujatoka nyumbani, usisomee njiani.

Makaratasi. Trela ina namba yake yenyewe, zile zinazoanza na Z, si namba ya gari. Uliza na bima kama inagusa trela. Hilo limekwisha.

Taa. Chomeka plagi, mtu asimame nyuma, ukanyage breki, uwashe indiketa kulia na kushoto, taa za usiku. Hewa yetu ya chumvi inakula vile vipini vya plagi, leo zinawaka kesho haziwaki, kwa hivyo kila safari unaangalia, hata kama unaenda Gede tu.

Tairi. Tairi za trela huchoka kwa kukaa, meno bado unayaona mazuri kumbe mpira ushakauka na kupasuka ubavuni. Angalia tarakimu nne zilizopigwa pembeni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani ukiona 2314 hiyo imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014 na mimi siivuti hata mpaka sokoni. Upepo ujaze asubuhi tairi zikiwa baridi. Spea ya trela iwe ya trela kweli, maana ya gari mara nyingi matundu ya nati hayalingani, na utagundua hivyo saa mbili usiku. Nati zikishafunguliwa kwa sababu yoyote zikaze tena ukishaenda kilomita 50 mpaka 80, sisi tukielekea Mombasa tunasimama Kilifi, spana mkononi, dakika tano tu.

Sasa pale trela inaposhikana na gari. Kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari kina vipimo, sana sana utakuta cha milimita 50, lakini viko vya Kimarekani vya milimita 48 hivi, na kikombe cha trela cha 50 kikikaa juu ya kile kidogo kinaonekana kimekaa sawasawa, kinafunga, kinalia ta! na wewe unaondoka na roho safi. Tuta la kwanza kinaruka. Kipimo kimepigwa juu ya kichwa chenyewe au kwenye shingo yake, kisome. Ukishafunga usiamini macho, chukua lile gurudumu dogo la mbele la trela, zungusha kana kwamba unainua pua, na uendelee mpaka uone nyuma ya gari nayo inainuka. Ikiinuka, kimeshika. Ikiachana na gari, shukuru imeachana hapo nyumbani. Halafu cheni mbili, zipishane chini kama alama ya X ili pua ikianguka idakwe isichimbe lami. Cheni moja iliyofungwa na kamba ya manila si cheni.

Rivasi jifunze kwenye uwanja mtupu, si kambini watu wakikutazama. Mkono uweke chini ya usukani, ukiupeleka kulia na trela nyuma inaenda kulia, ukiupeleka kushoto inaenda kushoto. Polepole. Na anayeongoza awe mmoja, usikubali watu wanne wanaopiga kelele kata, lete, lete, kata, kila mmoja na lake.

Hapa kwenye uzito naomba utulie kidogo.

Mzigo wa trela hauwekwi pale unapoona pana nafasi. Pua ya trela inatakiwa ilalie gari kwa kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, yaani trela ikiwa na kilo 600 na vitu vyake, puani kuwe na kilo 60 mpaka 90, na uangalie pia gari lako linaruhusu ngapi maana liko la kuruhusu 75 tu. Ukikosa kifaa cha kupimia chukua ile mizani ya kujipimia nyumbani, weka ubao juu yake, teremsha pua hapo usome. Pua ikiwa nyepesi trela inatupa mkia barabarani, na ukishasimama inakungoja na lingine.

Sisi hatukujua hayo. Ilikuwa mwezi wa 12, tunaenda Marafa, kule kwenye lile bonde lililoporomoka ambalo Wagiriama wanaliita Nyari. Kutoka Malindi si mbali, unavuka daraja la Sabaki halafu unakata kushoto kuelekea Marikebuni. Tulikuwa na mitungi mitatu ya maji ya lita 20 tumeipanga nyuma kabisa kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kuifikia, yaani kilo 60 mkiani, na gunia la mkaa juu yake. Tulipovuka Sabaki barabara ikawa wazi, trela ikaanza kwenda huku na huku, mume wangu akapunguza mwendo ikatulia, tukasema ni upepo. Haikuwa upepo.

Tukafika jua linazama, ule ukuta wa bonde umekuwa mwekundu kama udongo wa chungu, watoto washakimbilia ukingoni, mimi nazungusha hendeli ya paa, mume wangu anatafuta kile chuma cha kuteremshia miguu ya pembeni, ile inayoishikilia trela ikisimama, hakioni, anapekua buti nzima. Gari tulikuwa tushalifungua na kulisogeza. Shangazi yangu tulikuwa naye, miaka 60 na kitu, goti lilimsumbua njia nzima. Akaniambia, "Mwanangu, mie nataka kunyoosha mgongo kidogo." Nami nikamjibu, "Panda shangazi, kile cha nyuma ndicho kipana." Maneno hayo niliyasema mimi.

Akapanda, akatambaa mpaka mwisho wa kitanda, akaketi. Kwanza nikaliona lile gurudumu dogo la mbele limeacha ardhi, unapita mkono chini yake. Halafu pua yote ikapanda juu, mkia ukashuka, ukabamiza chini kwa kishindo watoto wakasikia kutoka kule ukingoni. Kila kilichokuwa mezani kilimfuata shangazi, sahani, taa, chupa ya chai. Yeye mwenyewe aliteleza kichwa mbele mpaka kwenye turubai la mwisho, likachanika pembeni kama shibiri mbili, na ule mkono alioutanguliza ndio uliobeba uzito wake wote. Nikamsikia anasema taratibu tu, "Mwanangu, hii kitu yaniangusha," kana kwamba bado haijamwangusha.

Mume wangu akakimbilia puani akaining'inia ili airudishe chini, na hilo nalo ni kosa, usilifanye, kwa sababu mtu akitoka kule nyuma ile pua inarudi chini yote kwa mpigo na miguu yako iko hapo. Kijana mmoja wa pale Marafa ndiye aliyepiga kelele ngojeni, akaleta mawe makubwa mawili na kipande cha gogo, wakakaza chini ya mkia kwanza, wengine wawili wakashika pua, ndipo shangazi akatambaa kurudi katikati kidogo kidogo, anashusha pumzi, trela ikashuka naye. Kesho yake asubuhi tulimrudisha Malindi hospitali, kifundo cha mkono kimeteguka, akafungwa bandeji wiki tatu. Mpaka leo akikuna nazi kwenye mbuzi ananiona nikimtazama anabadilisha mkono.

Kwa hivyo mpangilio ni huu na haubadiliki hata mkifika mmechoka, hata mvua inanyesha, hata mtoto analia. Trela ikiwa bado imeshikwa na gari, isawazishe kulia na kushoto, upande ulioinama tairi lake lipande ubao. Halafu kabari, mbele na nyuma ya kila tairi, jiwe la duara si kabari, linabingirika. Hapo ndipo unaifungua kwenye gari. Unasawazisha mbele na nyuma kwa lile gurudumu dogo la puani. Kisha miguu minne ya pembeni, yote minne, iguse ardhi halafu uongeze nusu mzunguko, na kila mguu ukanyage kipande cha ubao maana mchanga wetu unameza chuma usiku kucha na asubuhi mnaamka mmeinama. Miguu hiyo si jeki, usiinulie trela, itapinda. Ndipo paa. Ndipo vitanda, na zile nguzo zake za chini uhakikishe zimeingia kwenye vishikio vyake. Ndipo watu. Kwetu mtoto mkubwa ndiye anayezunguka kugusa kila mguu na kuhesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, na kabla hajasema nne hata mimi sipandi. Na maji siku hizi yanakaa juu ya ekseli, katikati.

Kuhusu paa, kuna vifungo pembeni, kwetu ni vinne. Vifungue vyote kabla hujashika hendeli. Mtu akisahau kimoja anazungusha, anaona nzito, anaita mwenzake mwenye nguvu, wanazungusha wawili, na waya wa ndani unakatika. Hendeli ikiwa nzito ghafla, acha, zunguka uangalie. Nguvu haihitajiki hapo kabisa.

Pa kuegesha. Ufukweni usiamini mchanga kwa sababu ni mkavu, angalia mstari wa mwani ulioachwa na maji na ukae juu yake sana, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Muulize mvuvi yeyote, atakuonyesha yanafika wapi. Chini ya mnazi hapana, hata kama kivuli ni kizuri, na usiangalie nazi tu, kuti kavu likianguka linapasua turubai. Mivinje ni afadhali lakini sindano zake zinajaa kwenye zipu. Upepo nao uujue, wakati wa kusi unatoka kusini, kaskazi unatoka upande wa pili, wewe ielekeze trela pua au mkia kwenye upepo, usiupe ubavu, na kile kipande cha turubai cha kivuli kikunjwe kabla ya kulala.

Kulowa. Hili wengi hawalijui mpaka likishawakuta. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi mnataka kuondoka, fungeni, sawa, hakuna jinsi, lakini siku hiyohiyo mkifika nyumbani ifungueni tena ikauke, na kama ni saa nne usiku mmechoka, ifungueni kesho yake alfajiri. Joto letu na unyevu huu, siku mbili tatu turubai lina koga, madoa meusi, na harufu ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Jirani yangu alilirudisha langu limefungwa likiwa bichi hakuniambia, nikalifungua baada ya wiki mbili, godoro moja nililitupa.

Jiko la mkaa halilali ndani na watu. Hata kama makaa yamefunika majivu, hata kama kuna baridi ya mvua, hata kama zipu moja iko wazi. Hewa yake haina harufu wala rangi na inaua waliolala. Gesi mnapikia nje, na mkianza safari mtungi unafungwa kichwani, si kwenye jiko peke yake.

Chakula kisibaki ndani ya turubai, kule Gede kima wanajua zipu. Ngazi ya mlangoni ipandishwe kabla ya kuondoka. Kabari zikusanywe mwisho kabisa, gari likishashika. Zunguka mara moja nyingine uangalie taa. Muulize mwenyeji kabla hujaegesha, mwachie mtu nyumbani habari mko wapi na mnarudi lini, kijana wa Marafa alikuwa mita mia tu kutoka kwetu na tulikuwa hata hatujamsalimu. Tochi iwe na betri mpya. Kile chuma cha kuteremshia miguu kina mahali pake siku hizi, kimefungwa kwa kamba nyekundu kwenye pua ya trela, na ukiniazima ukirudishe hapohapo.